BUIBUI MWENYE MLANGO

Mwezi huu tuzungumze juu ya buibui asiyetega utando hewani. Yeye anachimba shimo ardhini, anatandika uzi wake ukutani ili udongo usibomoke, halafu anatengeneza mlango wa udongo na uzi, tena una bawaba! Usiku anakaa chini ya mlango, anangoja. Mdudu akipita karibu, anatoka ghafla, anamkamata na kurudi ndani.

Jamaa zake wako hata Afrika, lakini anayejulikana zaidi aliishi Australia ya Magharibi. Mwaka 1974 mama mmoja mtaalamu, Barbara York Main, alianza kuyawekea namba mashimo ya buibui hao katika pori dogo lililobaki kati ya mashamba ya ngano. Jike mmoja akapata namba 16. Miaka ikapita, watafiti wakirudi wanamkuta palepale. Mwaka 2016 wakakuta mlango umetobolewa, mwenyewe hayumo. Dalili zilionyesha kazi ya nyigu, yule anayetaga yai juu ya buibui ili mtoto wake apate chakula. Jike huyo alikuwa amefikisha miaka 43!

Siri yake ni nini? Jike hahami. Shimo alilochimba akiwa mdogo analipanua kadiri anavyokua, wala hapotezi nguvu kwa kuzurura. Watoto wake nao wanatembea kwa miguu tu, wanachimba karibu na mama yao.

Lakini jamani, hatari iko hapohapo. Pori la sehemu ile lilifyekwa karibu lote kwa ajili ya ngano. Ardhi ikilimwa, ukoo mzima unakwisha, na kurudi ni kazi ya miaka mingi. Sisi wanadamu tulihama, tukajenga tena, tukapanda tena mboga. Yeye mama mzee hawezi.

Kwa hiyo wazazi, tukikata kuni au kuchimba udongo wa matofali, tusimalize kila kichaka. Na nyinyi watoto, mkiona shimo msichokoe kwa kidole. Ndani anaweza kuwemo nge au nyoka. Angalieni kwa mbali, inatosha.

Swali la watoto: Buibui ana miguu mingapi? Na siafu je? Hesabuni wenyewe, jibu mwezi ujao. Kwaherini!