Fungua Kifurushi Chako Kabla Mwingine Hajakufungulia

Wasee, leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka kuwaambia vile programu yangu ya zamani iliaibisha mtu mzima mbele ya watu, na makosa yalikuwa yangu peke yangu.

Anti yangu ana duka Kayole. Anauza simiti, misumari, mabati na rangi. Mafundi wengi huchukua vitu kwa deni, wanalipa wakilipwa. Miaka yote hizo deni zilikaa kwa daftari la karatasi lililojaa vumbi na alama za vidole. Mwaka juzi nikamtengenezea programu ya kompyuta, nikaiita Daftari. Inafanya kazi bila intaneti, kwa ile kompyuta yake ya ex-UK ambayo huwaka ikijisikia. Aliipenda, akaambia wenzake. Kufikia mwaka jana maduka 11 yalikuwa yanaitumia, na mimi kwa WhatsApp nilikuwa nimejiandika "Mkurugenzi". Usicheke.

Siku moja fundi mmoja, mteja wa anti, alienda duka lingine kuomba mifuko mitano ya simiti kwa deni. Mwenye duka alikuwa ameweka Daftari wiki hiyo hiyo. Akamwangalia, akamuuliza, "Wewe si uko na deni ya elfu kumi na nne kwa yule mama wa Kayole?" Watu wamejaa dukani, wote wanasikia. Fundi alinyimwa simiti, na ile kazi akaipoteza.

Jioni anti akanipigia. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilinitisha. Akasema tu, "Mwanangu, umeuza siri za watu wangu?"

Sikuwa nimeuza kitu. Nilikuwa nimezipakia ndani ya kifurushi bila kujua. Lakini kwa huyo fundi, tofauti iko wapi?

Ngoja nieleze kwa wale hamjawahi kutengeneza programu. Msimbo ninaoandika si kitu anti anapata. Yeye anapata kifurushi, yaani ile faili moja unabonyeza mara mbili na programu inaingia kwa kompyuta. Kutoka kwa msimbo hadi kwa kifurushi kuna skripti ya kujenga. Hiyo ni faili ya maagizo: chukua hiki, nakili kile, bana, funga. Kompyuta haiulizi maswali. Ukiiambia ipakie folda yote, itapakia folda yote, pamoja na uchafu wako.

Mimi nilikuwa na skripti nne. Jenga.bat, jenga2.bat, jenga_mpya.bat, na jenga_mpya_ya_mwisho.bat. Ile ya mwisho haikuwa ya mwisho. Nilikuwa nazinakili tu, naongeza mstari hapa na pale hadi kitu kifanye kazi, kisha nalala. Moja yao ilikuwa na mistari mitatu niliyoandika saa nane usiku: programu ikikosa data, iwekee data ya majaribio. Na data ya majaribio ilikuwa nini? Nakala ya deni za anti. Majina, namba za simu, kila kitu. Nilikuwa mvivu wa kuandika majina ya uongo.

Kwa hivyo kila duka jipya lililoweka Daftari lilikaribishwa na deni za watu wa Kayole. Wengi walidhani ni mfano tu, wakafuta. Mmoja alijua hayo majina.

Usiku huo nilifanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya. Nilichukua kifurushi changu nikakifungua kama mtu wa nje. Manze, niliona aibu. Kilikuwa MB 340. Ndani kulikuwa na video ya kujionyesha niliyoirekodi kwa simu, picha za nembo sita nilizokataa, na vifaa vya kupimia msimbo ambavyo anti hatawahi kuvigusa. Pia kulikuwa na nywila ya seva yangu, imeandikwa wazi kwa faili ya maandishi. Maduka 11 yalikuwa na ufunguo wa nyumba yangu na hakuna aliyejua, hata mimi.

Sehemu ya huo uzito si kosa langu. Daftari imejengwa kwa Electron, ile mbinu ilitoka GitHub mwaka 2013, na ndiyo iko chini ya Visual Studio Code na Slack. Electron inakuwezesha kuandika programu ya kompyuta vile unaandika tovuti, lakini bei yake ni kwamba kila programu inabeba Chromium nzima pamoja na Node.js ndani yake. Hata programu ya kusema "habari" tu ikishafunguka kwa diski inapita MB 100. Inakuja na faili za lugha zaidi ya 50. Mimi nilibakisha Kiswahili na Kiingereza.

Zingine zote zilikuwa zangu. Ile zana inayofunga kifurushi huwa inaacha nje vifaa vya mtengenezaji ukiviorodhesha mahali pake. Mimi nilikuwa nimeviweka kwa orodha moja na vitu vya mtumiaji, so ikavibeba vyote. Nilipopanga orodha, nikataja faili moja moja zinazofaa kuingia badala ya kusema "beba folda", kifurushi kikashuka hadi MB 82. Sikuandika mstari hata mmoja mpya wa programu. Nilifagia tu.

Na hiyo MB 258 si ya mchezo. Kama uko na Wi-Fi ya nyumbani hutaisikia. Anti ananunua bando. Kuna wakati nilirekebisha hesabu ya riba iliyokuwa inakosea, mstari mmoja tu, nikamwambia apakue toleo jipya. Hakupakua kwa wiki tatu. Nilidhani amepuuza. Kumbe alikuwa anangoja apate bando ya kutosha, na wiki hizo zote aliendelea kudai watu pesa zilizokosewa.

Najua kuna msee atasema, "Kama inafanya kazi, usiiguse." Nimesikia hiyo maneno tangu nianze hii kazi, na nimeisema mwenyewe. Lakini uliza, inafanya kazi kwa nani? Skripti yangu ilifanya kazi kwa laptopu yangu peke yake, kwa sababu ilikuwa imetaja folda zilizoko kwa laptopu hiyo. Ingeibiwa kwa matatu, Daftari ingekufa siku hiyo na maduka 11 yangebaki na toleo lenye makosa milele. Hiyo haifanyi kazi. Imebahatika tu.

Mwingine atasema skripti ni kitu cha ndani, hakuna mtumiaji anaiona. Sawa, sikiliza hii. Machi 2024, mhandisi wa Microsoft anaitwa Andres Freund aligundua kuingia kwa seva yake kupitia SSH kunachelewa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye akachimba, akapata mlango wa nyuma ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili inayotumika kwa Linux nyingi duniani. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejenga uaminifu kwa huo mradi kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kuupitisha. Aliuficha wapi? Sumu yenyewe ilikaa ndani ya faili za majaribio. Maagizo ya kuiamsha yalikaa kwa skripti ya kujenga, na hayo maagizo yalikuwa kwa kifurushi kinachopakuliwa tu. Kwa hazina ya msimbo ambapo kila mtu anaweza kusoma, hayakuwa.

Faili za majaribio na skripti ya kujenga. Zile sehemu mbili ambazo hakuna mtu hufungua. Zile zile zilizoniangusha mimi, tofauti ni kwamba mimi sikuhitaji adui.

Na tukumbuke watu wetu wanatuamini kiasi gani. Ukitoa kifurushi bila kulipia cheti cha kukitia sahihi, Windows humletea mtumiaji onyo la bluu kwamba programu haijulikani. Mimi sina pesa ya cheti. Nilichofanya ni kumfunza anti abonyeze "endelea" bila kusoma. Nimemfunza mama wa miaka hamsini na kitu apuuze onyo kwa sababu ni mimi. Basi kazi ya kukagua iliyokuwa ya Windows imebaki kwangu, na mimi nilikuwa nimelala.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama unatengenezea watu programu, hata ni duka moja, hata ni mradi wa shule, usiongeze kitufe kingine kabla hujafagia njia inayopeleka programu kwa mtu. Si baadaye ukipata muda, kwa sababu huo muda haukuji.

Sasa hivi niko na skripti moja. Inaanza kwa kufuta kila kitu cha zamani. Inaweka maktaba kwa matoleo yaliyoandikwa kwenye faili ya kufuli, kwa agizo la npm ci, ili kifurushi cha leo na cha kesho kitumie vitu vilevile. Inapakia tu kilichotajwa kwa jina. Mwisho inaniandikia orodha ya kila faili iliyoingia, na siachilii kifurushi kabla sijaisoma. Data ya majaribio ni ya watu ambao hawapo. Kisha napeleka kwa kompyuta ya saiba ambayo haijawahi kuiona Daftari, naangalia kama itasimama yenyewe. Ilinichukua wikendi mbili. Hakuna mtu alinipigia makofi, hakuna picha ya kuposti.

Nilibadilisha nywila. Nilipigia wenye maduka wote 11 mmoja mmoja, nikasimamia kufutwa kwa zile deni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna kama data ya watu imevuja na inaweza kuwadhuru. Niliandika hiyo ripoti mikono ikitetemeka. Wengi wetu tunadhani hiyo sheria ni ya benki na kampuni za simu. Hapana. Ni yako pia, na skripti zako nne.

Kisha nikaenda kumwona yule fundi. Nilimkuta kwa mjengo, nikamweleza yote bila kujitetea. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama hizo namba zimefutwa kweli. Nikasema ndiyo. Akarudi kwa kazi yake. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza.

Anti bado anatumia Daftari. Lakini nikimpelekea toleo jipya kwa flashi, kabla ya kubonyeza huwa ananiuliza, "Umeangalia ndani?"

Wewe umeangalia?