Si kila muziki wa klasiki unalaza mtoto

Juma lililopita, saa tatu usiku, niliweka redioni muziki wa klasiki ili watoto walale. Nilichagua vibaya: simfoni ya 94 ya Haydn, ya 1791. Sehemu yake ya pili inaanza taratibu, halafu orkestra nzima inapiga ghafla kwa nguvu. Mama mmoja mhami wa vita akanipigia simu: mtoto wake ametoka hemani mbio, akidhani ni bomu.

Kwa watoto wetu, afadhali wimbo wa Brahms wa kubembeleza mtoto, wa 1868. Wenyewe ni mpole toka mwanzo hadi mwisho. Mama usiye na mawe ya redio, imba mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani. Nasi watangazaji tusikilize kipande chote kabla ya kukirusha hewani.