Je, Injini ya Gari Yaweza Kurusha Ndege?



Mwezi huu mahindi yapumzike. Kijana mmoja, fundi wa karasha hapa Makongolosi, ameniuliza: je, injini ya gari yaweza kurusha ndege? Wenzake walimcheka. Lakini swali lake ni la maana, na jibu lake ni ndiyo.

Huko Minnesota, Marekani, alikuwako Bernard Pietenpol, mtu aliyejifunza ufundi mwenyewe. Mwaka 1929 alirusha ndege ya mbao na kitambaa. Injini yake ilitoka katika gari la Ford Model A. Ilikuwa na nguvu za farasi 40 tu, lakini ndege ilichukua watu wawili. Mpaka leo wapo wanaojenga ndege ya namna hiyo. Karibu nasi, huko Nyeri, Kenya, Gabriel Nderitu naye alijenga ndege yenye injini ya Toyota katika miaka ya 2010.

Ugumu uko wapi? Gari likitoka Mbeya kuja Chunya hupanda mlima kwa nguvu, kisha hushuka na kupumzika. Ndege ikipaa, injini hutumia nguvu zake zote. Hata ikifika juu, huendelea kutumia zaidi ya nusu ya nguvu hizo, saa nzima au zaidi. Joto hupanda sana.

Tena, injini nyingi za magari ya siku hizi hutoa nguvu zikizunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Pangaboi la ndege ndogo halitaki kupita 2,700 hivi. Likizidi, ncha zake hukaribia mwendo wa sauti. Hapo hupiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Kwa hiyo lazima pawe na gia au mkanda wa kupunguza mwendo. Injini ya Pietenpol ilizunguka polepole, ndiyo maana hakuhitaji gia.

Injini ya ndege ndogo huwa na magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili. Upande mmoja ukifa, mwingine huendelea. Gari likizimika Matundasi unafungua boneti. Juu ya miti utafungua nini?

Na sisi tunakaa juu. Mjini Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza farasi 15 hivi katika kila 100. Zile 40 za Pietenpol zingebaki 34.

Sheria nayo ipo. Ndege yo yote, hata ya kujengwa nyumbani, haipai bila kusajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Fundi aende huko kabla ya kukata bati la kwanza.

Kijana wetu anaweza kuanza na injini peke yake. Aifunge imara chini, aiendeshe kwa nguvu zote saa nzima, apime joto na mafuta. Watoto wakae mbali, na mtu asisimame mbele ya pangaboi wala ubavuni mwake.