Bunduki kuukuu haitulindi njiani
Wapo wafanyabiashara wa Kamenge wanaouliza: njia ya Uvira ina hatari, kwa nini nisinunue bunduki kuukuu ya jeshi, inayouzwa sasa kama ya uwindaji? Katika Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, Burundi, Kongo, Tanzania na majirani wengine waliahidi kuwapiga marufuku raia kumiliki bunduki za nusu-otomatiki. Jina la uwindaji halibadilishi kitu. Nami naunga mkono: Kamenge, iliyohamwa kwa mapigano mwaka 1995, inajua bunduki za mtaani huishia wapi. Ila serikali zinazotunyima silaha zina deni. Doria ziko wapi kati ya Gatumba na Kavimvira jioni, mama wa ndagala anaporudi na pesa kiunoni?