Starfield: Sayari 1,000 zilizowachosha wachezaji

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

ABIRIA akifumba macho Msamvu na kuyafumbua Dodoma, haioni Kihonda, Dumila wala Gairo. Ndivyo mtu anavyosafiri ndani ya Starfield, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani Septemba 6, 2023. Mchezaji huchagua sayari kwenye ramani, husubiri kidogo, kisha hujikuta ameshatua.

Matarajio yalikuwa makubwa. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, Machi 2021 kwa Dola bilioni 8.1, na mkurugenzi wa mchezo huo, Todd Howard, akaahidi sayari zaidi ya 1,000.

Idadi ilitimia. Lakini hakuna mafundi wanaoweza kupamba sayari elfu kwa mikono, hivyo kompyuta hutandaza ardhi kwa kanuni na kupachika juu yake majengo yaliyoandaliwa mapema. Maabara uliyoivamia jana utaikuta kwenye sayari nyingine, maiti zikiwa zimelala palepale. Katika Skyrim, mchezo wa kampuni hiyohiyo wa mwaka 2011, njia yenyewe ndiyo ilikuwa uhondo.

Novemba 2023, wakijibu malalamiko katika duka la Steam, watumishi wa Bethesda walisema wanaanga waliofika mwezini hawakukuta kitu, lakini hawakuchoshwa. Wanaanga hao, hata hivyo, hawakulipa nauli.

Nyongeza ya Shattered Space, iliyotoka Septemba 30, 2024, ilijikita katika sayari moja tu, nayo ikalaumiwa. Pengine tatizo halikuwa wingi peke yake.

Kwa kijana wa Kihonda hasara hiyo ni nzito zaidi. Bei ya Dola 70 ilikaribia Sh175,000 wakati huo, ilhali kima cha chini cha mshahara viwandani kilikuwa Sh150,000 kwa mwezi. Vibanda vya gemu vya mitaani hutegemea PlayStation, ambayo haikupewa mchezo huo ulipozinduliwa, hivyo hakuwa na pa kuuonja kabla ya kununua.

Steam hurejesha fedha ndani ya siku 14, mradi mnunuzi hajacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili za kwanza za Starfield ni nzuri: kuna mgodi, chombo cha kwanza cha anga na jiji la New Atlantis. Marudio huanza baadaye, muda wa kudai fedha ukiwa umekwisha.