BOMBA LAFUNGWA NGUO, NA FUNDI JE?



Kila fundi wa gereji ajua kuwa bomba la moshi, pale linapotoka kwenye kichwa cha injini, lina moto mkali. Injini ya petroli ikivuta mzigo mlimani, moshi ulio ndani yake waweza kupita nyuzi 600 za Sentigredi. Joto hilo huunguza nyaya na kukausha mipira ya maji, na mkono ukigusa, ngozi hubaki pale. Ndiyo sababu mabomba mengine hufungwa utepe usioshika moto. Faida yake ni ya kweli: joto hubaki ndani ya bomba, na vyombo vilivyo karibu husalimika.

Lakini tunauliza: utepe gani, na nani aufunga?

Enzi za mvuke, maboila na mabomba ya magari ya moshi yalivikwa asbesto katika nchi nyingi. Mafundi waliipasua kwa mikono mitupu. Vumbi lake huingia mapafuni lisitoke tena, na ugonjwa waweza kujificha miaka 20 hata 40. Mtu amekwisha kustaafu, ndipo pumzi humwisha au saratani humshika. Mwaka 2006 kanuni za Kenya ziliitia asbesto katika orodha ya taka za hatari. Hata hivyo, katika gereji moja tumeona vitambaa vikuukuu vikitolewa stoo, wakapewa vijana wafunge bomba la lori, bila glavu wala cha kuziba pua.

Basi twasema hivi. Kitambaa cha zamani usichojua asili yake usikipasue, usikipulize kwa hewa, wala usikifagie kikavu. Kiache hapo, umwite msimamizi.

Utepe mpya wa nyuzi za kioo si asbesto, lakini nao huwasha ngozi na koo. Uloweshe maji kwanza, vaa glavu, miwani na barakoa, kisha ukaze kwa bendi za chuma. Angalia pia mafuta yasivuje juu yake, maana utepe ulionywa mafuta waweza kuwaka. Na unyevu ukikaa chini yake bomba huliwa na kutu. Mara nyingi bati la kukinga joto, likiwekwa mbali kidogo na bomba, latosha, wala halina vumbi.

Waajiri nao wasikie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwamuru mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga kwa wanaofanya kazi penye vitu vya kudhuru. Glavu na barakoa si sadaka, ni haki yetu. Bomba likipasuka spea hununuliwa, lakini mapafu hayana spea.

Ye yote atakayeamriwa kufunga kitambaa asichokijua, amwarifu mjumbe wa chama siku ile ile. Asingoje kikohozi.