Ukuta Wetu Si Bango la Mtu

Ndugu msomaji, sisi vijana kumi na mmoja wa Kasumulu nusura tuvunje kikundi kwa sababu ya rangi ya ukuta. Cheka ukitaka. Wazazi wetu walicheka. Mzee mmoja anayebadilisha pesa kwenye barabara ya kwenda darajani alituuliza kama tumekosa kazi ya kufanya. Lakini mimi nasema, na sitachoka kusema: anayekuchagulia rangi ya chumba chako ndiye mwenye chumba, hata kama ufunguo uko mfukoni mwako.

Habari yenyewe ni hii. Tumeazimwa chumba. Zamani kilikuwa stoo ya mpunga, kina dirisha moja na bati lisilo na dari. Mwenyewe katuachia miaka miwili bila kodi, mradi tukitunze. Tunataka kiwe chumba cha kusomea. Wadogo zetu wa shule ya msingi waje jioni, na sisi tunaojiita waandishi tupate pa kukaa na kaunta buku zetu. Riwaya yangu mimi imefika kaunta buku ya nne, na mbili za mwanzo zimeliwa na unyevu nyumbani. Kwa hiyo mkiniona napandisha mori juu ya ukuta, mjue ninayo sababu.

Mambo mawili tulikubaliana siku ya kwanza bila ubishi. Moja, kila kitakachoingia humo ndani kipatikane hapa hapa au kiwe kimeshatumika: rafu za mbao za makasha, mikeka, viti vilivyovunjika tuvigonge misumari wenyewe. La pili, hatukopi. Mpaka hapo tulikuwa ndugu. Tulipofika kwenye rangi, undugu ukaisha.

Kambi ya kwanza ilisema tukubali ofa. Wakala wa kampuni moja alikuja na pikipiki, akatazama chumba, akasema watapaka bure ndani na nje, rangi za kampuni, na nembo juu ya mlango. Bure! Nani asiyependa cha bure? Hebu tembea barabara yoyote ya nchi hii. Duka jekundu, duka la buluu, kibanda cha manjano. Mama muuza nyanya amekaa ndani ya rangi ambayo hakuichagua na halipwi hata senti kwa kuitangaza. Washikaji, hiyo si zawadi, hiyo ni kodi ya pango ambayo mpangaji anamdai mwenye nyumba, na mwenye nyumba anashukuru! Dukani sina neno, biashara ni biashara. Lakini chumba cha kusomea? Mtoto ajifunze kusoma huku mbele ya macho yake kuna neno moja tu kubwa, nalo ni jina la kampuni?

Kambi ya pili ni ya wenzangu wenye simu nzuri. Hao walileta picha. Chumba cha kijivu, kiti cha kijivu, zulia la kijivu, na ua moja ndani ya chupa. Wakasema huo ndio usasa. Mimi nikauliza: hicho chumba kiko wapi? Hakuna aliyejua. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Tunapenda chumba ambacho hatujui kiko mji gani, kinapata jua la namna gani, kinanyeshewa mvua kiasi gani. Sisi Kyela mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Chumba chetu kina dirisha moja. Ukuta mweupe unaurudisha mwanga ndani, ukuta wa kijivu unaumeza. Saa kumi na moja jioni mtoto atakuwa hasomi tena, anapapasa. Tutamwashia taa mchana kwa sababu ya picha ya mtu tusiyemjua?

Halafu kuna kichekesho. Kijivu ni nini? Ni rangi ya jivu. Jivu limejaa kila jiko la Kasumulu, na sisi tunataka kulinunua kwenye ndoo.

Na hizo ndoo tusizifungue kwa pupa. Rangi za mafuta kwa miaka mingi zilitiwa risasi, hasa zile za kuwaka, njano na nyekundu. Nchi nyingi sasa zimeweka kikomo cha sehemu 90 katika milioni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi inamharibu ubongo polepole, kwa vumbi na kwa vipande vinavyobanduka. Sisemi kila kopo lina sumu. Zipo rangi za maji zilizopimwa na kuandikwa waziwazi. Ninachosema ni kwamba aliyetaka njano ya kuwaka kwa ajili ya watoto hakusoma hata maandishi ya kopo. Sisi, kikundi cha kusoma!

Kambi ya tatu ni mimi na wenzangu wanne. Tunataka rangi tatu. Nyeupe ya chokaa kuanzia kifuani hadi juu. Nyekundu ya udongo kuanzia sakafuni hadi kifuani, maana ndipo migongo na mikono michafu inapogusa. Nyeusi ya mkaa uliosagwa kwenye ubao wa kuandikia, na mstari mmoja mwembamba pale nyeupe na nyekundu zinapokutana. Basi. Chokaa tunazima wenyewe kwenye pipa, tunatia chumvi kidogo ishike. Udongo tunauchekecha, tunaukoroga na uji mwepesi wa muhogo. Chokaa haipendwi na ukungu, na ukuta uliopakwa chokaa unapumua: unyevu unaingia, unyevu unatoka. Pakeni mafuta juu ya ukuta wenye maji muone kama masika hayajaibandua kama ngozi ya nyoka.

Watu wanasema siku hizi tutunze mazingira, tujenge vitu endelevu. Neno zuri, limezoeleka kwenye semina. Mimi maana yake niliipata kwa bibi yangu, ambaye semina hajawahi kukanyaga. Nilipomweleza ugomvi wetu aliuliza swali moja tu: “Hiyo ya dukani, mwakani ikichakaa mtanunua kwa hela gani?” Nikanyamaza. Rangi endelevu ni ile unayoweza kuirudia mwakani kwa mikono yako bila kumpigia mtu magoti. Ndaga fijo, bibi.

Tena msidhani haya ni mageni hapa. Mwaka 1879 Mskochi mmoja, Joseph Thomson, alifika kaskazini ya Ziwa Nyasa akiwa kijana wa miaka 21, rika letu kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 alizisifu nyumba alizozikuta kati ya migomba, usafi wake na ustadi wake. Simleti kama shahidi kwa kuwa ni Mzungu. Namleta kwa sababu sisi tunaozaliwa hapa ndio tunaodhani palikuwa hapana kitu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu zaidi. Godfrey na Monica Wilson walikaa Unyakyusani kati ya 1934 na 1938, na Monica akaandika kitabu, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Kinaeleza vijiji vya marika. Wavulana wa miaka kumi au kumi na moja walitoka kwa wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko pamoja. Chakula walikula kwa mama zao, lakini nyumba ilikuwa yao. Waliikosea wenyewe, wakairekebisha wenyewe, wakakua nayo. Watoto wa miaka kumi! Sisi tuna miaka ishirini na kitu, na hatuwezi kuchagua rangi ya stoo mpaka tuulize simu.

Sasa nawageukia waandishi wenzangu, maana gazeti hili ni lenu. Hebu kitazameni Kiswahili chenyewe. Tunasema ukuta mweupe, kitabu cheupe, nguo nyeupe. Mweusi, cheusi, nyeusi. Mwekundu, chekundu, nyekundu. Rangi hizi tatu ndizo zinazobadilika zikafuata jina. Nyingine zote zinakuja kama wageni, zinashikwa mkono na kihusishi: ukuta wa kijani, ukuta wa buluu. Na hao wageni wengi wametoka shambani na jikoni. Kijani ni jani. Kahawia ni kahawa. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Zambarau tumelila tunda lake. Kisha kuna damu ya mzee, ambayo sidhani kama kuna duka la rangi Ulaya lenye jina zuri kulishinda.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha utafiti wao juu ya majina ya rangi katika lugha nyingi. Walisema lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na haya: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Wataalamu wamebishana nao tangu hapo, na wabishane. Mimi nachukua hili moja: rangi tatu za ukuta wetu ni zile zile tatu ambazo sarufi yetu imezipa uraia. Sikuzitunga. Nilizikuta.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu nimeshajibiwa. Dada mmoja wa kikundi chetu alisimama akaniambia usoni: “Kaka, mimi nimezaliwa nyumba ya udongo. Mama yangu ameuza mpunga miaka tisa apate tofali na bati. Wewe unataka nimlete aone nimerudi kwenye udongo, halafu uniambie ni utamaduni?” Chumba kizima kikampigia makofi. Mimi nilikaa chini.

Nimelifikiria hilo neno wiki tatu. Ana haki. Umaskini haupambwi, na mtu aliyeukimbia asiitwe mtumwa wa kasumba. Lakini kuna udongo unaoupaka kwa sababu huna kingine, na kuna udongo unaouchagua ukiwa umeshapima. Diébédo Francis Kéré alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso. Akaenda Ujerumani akasomea ujenzi, akarudi akawajengea shule ya msingi iliyomalizika mwaka 2001. Kwa nini? Kwa udongo, akaupa paa lililoinuliwa ili joto litoke. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hakurudi kwenye udongo kwa kushindwa. Alirudi na hesabu mkononi.

Na kuna swali la pili la dada yule ambalo lilinichoma zaidi: “Huo udongo ataukanda nani?” Jamani, tuseme kweli. Kwetu anayekandika ni mwanamke. Anayebeba maji ni mwanamke. Mvulana anakuja mwishoni kusifu utamaduni, kama mimi. Hata vyungu vya Wakisi tunavyojivunia, vinavyotoka Ikombe kwa mitumbwi mpaka soko la Lyulilo kule Matema, vinafinyangwa na mikono ya akina mama. Kwa hiyo hoja yangu nimeirekebisha, na naiandika hapa ili nishikwe nayo: kama udongo utashinda, wavulana ndio tutakaouchimba, kuuchekecha na kuupaka. Nikikwepa, pakeni kijivu.

Kura ya kwanza tulishindwa, sita kwa tano. Lakini katibu wetu, ambaye ni wa kambi ya kijivu na ni mtu wa haki, alisema tusibishane na midomo tena. Tumechagua ukuta wa kusini, ule unaolowa. Tumeugawa mapande mawili. Pande moja tumepaka rangi ya maji tuliyonunua kwa michango yetu, pande la pili chokaa na udongo. Mimi na wavulana wawili tulipaka pande letu kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Chokaa iliniunguza vidole, nimeshika kalamu hii kwa shida. Wakala wa kampuni tumemwambia asante, asubiri. Masika yakipita, tutasimama wote kumi na mmoja mbele ya ukuta na kupiga kura ya mwisho.

Naweza kushindwa tena. Udongo ukibanduka nitasema umebanduka. Lakini sitakubali kushindwa na picha, wala na neno bure.

Na ninyi mnaoandika, niulize la mwisho. Katika hadithi zenu mhusika akiingia sebuleni hukuta nini? Mimi nimerudia kusoma kaunta buku yangu ya tatu. Nimekuta sofa za ngozi, mapazia marefu, ukuta wa rangi ya krimu. Sijawahi kukaa kwenye sofa ya ngozi maisha yangu yote! Nilikipaka chumba cha mhusika wangu rangi ya kuazima, halafu nikashangaa kwa nini hapumui. Sura hiyo nimeifuta. Naiandika upya, na mhusika anaingia kwenye chumba chenye dirisha moja, anaegemea ukuta, anapogeuka mgongo wake ni mwekundu.